Sumu ya panya inamaliza paka wa kichochoroni kwetu, nisaidieni

Binti_Kibokoni:
Assalaam aleikum. Niko Mji wa Kale, Mombasa. Kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu kina paka 11, si wa mtu. Marehemu mama ndiye aliyeanza kuwatupia vichwa vya samaki, nami nikaendelea. Wanane tumeshawafunga uzazi, utawajua kwa sikio lililokatwa ncha.

Jumanne ya juzi, jike tuliyemwita Kanga kwa madoa yake hakuja kula. Nilimkuta chini ya ngazi, anahema juujuu. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na puani inamtoka damu nyepesi isiyoganda. Alfajiri alikuwa ameshakufa. Ijumaa akafuata shume mweusi, hivyo hivyo. Nilipochungulia nyuma ya ghala la nafaka nikaona vibonge vya buluu, kama sabuni, vimepangwa kando ya mfereji.

Mwenye ghala si mtu mbaya. Panya wanamtoboa magunia kila usiku, na mimi na yeye tunasalimiana kila asubuhi. Sitaki ugomvi, lakini siwezi kukaa nikiwazika mmoja mmoja. Nifanyeje?

Daktari_wa_mifugo:
Pole sana dada. Kwa dalili hizo, nadhani ni sumu inayozuia damu kuganda, jamii ya brodifakumu au bromadioloni. Inaukosesha mwili vitamini K, kisha damu inavuja ndani kwa ndani. Dalili huchelewa siku 3 hadi 5, ndiyo maana siku aliyoila hukuona kitu. Na mara nyingi paka hakigusi kibonge. Panya aliyekila hafi saa ile, anazubaazubaa mchana kweupe, na paka anamdaka kirahisi.

Tiba ipo, ukiwahi: sindano ya vitamini K1, halafu vidonge vya wiki 3 au 4. Usikatishe kwa kuwa kachangamka. Maziwa hayaondoi sumu. Na usimtapishe kwa haidrojeni peroksaidi, inamuunguza tumbo. Kwa hao tisa waliobaki, wafunue midomo kila siku wanapokula. Ufizi ukianza kupauka, usingoje kesho.

MzeeUnga:
Mwanangu, mimi nauza unga Majengo, hao panya nawajua. Niliweka sumu miaka. Wakafa juu ya dari, harufu ikafukuza wateja, na mwezi wa pili wakaja wengine, kwa sababu matundu yalikuwa palepale. Panya anapenya tundu la upana wa kidole gumba tu. Nilisokomeza stiliwaya, nikaziba kwa saruji. Mdomo wa mfereji nikautia wavu wa waya. Magunia nikayapandisha juu ya mbao, mbali na ukuta, nipate kufagia nyuma yake. Mitego ya chuma naiweka ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, paka haingizi mkono. Ya gundi usimshauri, vitoto vya paka vitanasa.

Nenda ukamwone baada ya Laasiri, biashara ikipoa. Usimpelekee maiti ya paka, mpelekee saruji nusu mfuko. Na usiudhike nikikwambia: chakula chako kikilala nje usiku, wewe pia unawaita panya. Wape kwa saa moja, wakishiba ondoa sahani, mwaga maji pale.

Salma_K:
Na ule unga wa kijivu wa wachuuzi wanaopita na spika, "panya, mende, kunguni"?

Daktari_wa_mifugo:
Huo ndio wa kuogopa zaidi. Mwingi unauzwa bila lebo, hujui ulichoweka. Ukiwa zinki fosfaidi, unageuka gesi tumboni, mnyama anakwisha kwa saa chache, na hauna dawa ya kuupinga. Bidhaa iliyosajiliwa Kenya ina namba ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za kuua wadudu na panya, kwenye pakiti. Isiyo nayo msikubali iwekwe kichochoroni, watoto wanacheza pale.

Binti_Kibokoni:
Mzee, shukran. Sahani nilikuwa naziacha hadi asubuhi, sikujua. Nimeenda jana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kanga ndiye yule aliyekuwa analala juu ya mizani yangu?" Tumeokota vibonge 9 pamoja, na fundi anakuja Jumamosi kuziba. Amebakisha viwili ndani, kwenye kisanduku cha kufuli.

Leo asubuhi nimemfunua mdomo yule kijivu, ufizi umepauka. Nimemtia kwenye kikapu cha mama cha sokoni, niko kwenye tuktuk naelekea kwa daktari.