Nafumbua mafumbo 40 ya Go kila siku, mbona bado niko kyu 14?

Jicho Moja

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wale mliocheza Go, mchezo wa ubao wa kuzingira nafasi kwa kete, muda mrefu, maana nimefika mahali sijui nishike lipi.

Mchezo huu nilifundishwa kidato cha tano na mwalimu wetu wa fizikia, kijana wa kujitolea kutoka Japani. Miaka yake miwili ilipoisha aliniachia ubao wake wa kukunja, 9 kwa 9 upande mmoja na 13 kwa 13 upande wa pili. Ninao mpaka leo. Sasa niko Morogoro, nauza pembejeo dukani, na jioni nacheza kwa simu kwenye OGS, tovuti ya kucheza Go mtandaoni, ubao mkubwa wa 19 kwa 19.

Miezi minane iliyopita nilikuwa kyu 14 (kyu ni madaraja ya wanaojifunza, namba ikipungua ndivyo unavyopanda). Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: ukitaka kupanda, fanya mafumbo ya uhai na mauti, yale Wajapani wanayaita tsumego: kundi lililozungukwa litapata macho mawili, yaani nafasi mbili tupu zilizotengana ndani yake, liishi, au litakufa? Nikaamua. Mafumbo 40 kila siku bila kuruka. Hata wiki ya msiba wa shangazi yangu niliyafanya usiku watu wakishalala. Programu inanihesabia, nimeshapita 9,000. Daraja langu leo? Kyu 14. Wiki iliyopita niligusa hata 15.

Kilichonileta hapa ni mchezo wa juzi. Nilikuwa na kundi kubwa pembeni, limezungukwa, ndani limebaki na nafasi tatu zilizopangana mstari mmoja. Mpinzani akaweka kete upande wa pili kabisa wa ubao. Nikamfuata kule kule kumjibu. Zamu yake iliyofuata akarudi, akaweka kete katikati ya zile nafasi tatu. Kete zangu 17 zikafa. Fumbo hilo nimelifumbua labda mara mia mbili! Ukiniamsha usiku wa manane nitakuonyesha pa kuweka.

Nikafikiri labda mafumbo yangu ni mepesi mno. Nikatafuta yale ya Igo Hatsuyo-ron, mkusanyiko wa Kijapani wa mwaka 1713. Siku nne kwenye fumbo moja, sikutoka na chochote.

Niongeze idadi? Nibadilishe aina? Naomba mnielekeze.

Kona ya Chini

Mkuu, cheza zaidi. Mimi nilitoka kyu 20 mpaka 11 kwa michezo mingi tu, mafumbo niliyagusa kidogo sana. Mafumbo 40 ni saa nzima ambayo ungecheza na binadamu.

Jicho Moja

Asante mkuu. Nacheza michezo miwili kila jioni, mitatu Jumapili. Sidhani kama michezo ndiyo inayopungua.

Pumzi Nne

Kaka, kabla sijasema kitu naomba unijibu mawili kwa ukweli. Ukifungua fumbo, kidole kinagusa skrini baada ya muda gani? Na ukikosea, unafanya nini?

Jicho Moja

Sekunde tano, kumi zikizidi. Nikikosea najaribu nafasi nyingine mpaka ikubali, kisha naenda linalofuata.

Pumzi Nne

Nilitarajia hivyo, na nimefurahi umesema. Kaa vizuri, nitaandika kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima kwa njia hiyo hiyo.

Nilisoma uhandisi Nagoya, miaka mitano. Karibu na stesheni niliyokuwa nikishukia kulikuwa na ukumbi wa Go ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Unalipa kiingilio, unapewa chai, unacheza mpaka jioni. Wengi walikuwa wazee waliostaafu. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa reli, dan 5 (madaraja ya dan yako juu ya kyu zote), na kwa sababu nisizozijua aliamua kunichukua mimi. Kila Jumamosi alipanga fumbo moja juu ya ubao wa mbao, kete saba au nane tu, akaniambia niweke mikono juu ya magoti. Juu ya magoti! Sikuruhusiwa kugusa kete wala kunyoosha kidole. Nilitakiwa kutamka hatua yangu, kisha yeye anauliza, "Sore kara?", yaani, na kisha? Nataja jibu la mpinzani. Na kisha? Nataja langu. Nikitaja jibu dhaifu la mpinzani, lile linalonipa ushindi wa bure, alikuwa anatikisa kichwa na tunaanza upya. Fumbo la kwanza lilinichukua dakika 40. Lilikuwa fumbo la watoto.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa sijawahi kufumbua fumbo hata moja. Nilikuwa nabahatisha, na programu inanisahihisha. Kwenye kundi lililofungwa, sehemu zenye maana ni tatu au nne. Ukibonyeza moja moja utafika tu. Macho yanazoea umbo na kidole kinazoea mahali, lakini kazi ya kumtafutia mpinzani hatua yake kali kuliko zote hujawahi kuifanya. Mchezoni hakuna wa kukwambia "jaribu tena".

Sasa kuhusu zile kete 17, maana hapo kuna jambo la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Jibu ulikuwa unalijua. Ambacho hukukijua ni kwamba umeulizwa swali. Kila fumbo ulilofanya limeandikwa juu: nyeusi ianze, iishi. Nyeusi ianze, iue. Yaani umeshaambiwa kwamba kuna jambo hapa, na zamu ni yako. Kwenye ubao wa 19 kwa 19 kuna njia panda 361 na hakuna maandishi juu ya yoyote. Mpinzani wako aliweka kete mbali na wewe ukaona kete yake tu.

Kwa hiyo kuanzia leo ficha yale maandishi. Bandika karatasi juu ya simu ikibidi. Tazama umbo na useme kwa sauti moja kati ya nne: hai, maiti, zamu, au ko. Hai maana yake hata mpinzani akianza, kundi linaishi, kwa hiyo liache, nenda kafanye kazi kwingine. Maiti, hata ukianza wewe limekwisha, usiongeze kete juu ya maiti. Zamu ni anayeanza ndiye anayepata. Ko, pale tunapoweza kulana kete moja moja kwa zamu mahali pale pale, unaijua, tutapigania.

Chukua zile nafasi za ndani. Tatu mstari mmoja ni zamu, na ndilo kundi lako lililokufa. Nne mstari mmoja ni hai, kwa sababu akiingia moja ya zile mbili za kati wewe unachukua ya pili yake. Nne za mraba ni maiti, hata ukianza hupati macho mawili. Tano za umbo nene, mraba na moja iliyochomoza, ni zamu, na mahali ni pale nafasi tatu nyingine zinapokutana. Unaona? Tatu na nne zinafanana kwa mtu anayetazama haraka, lakini moja inadai uirudie sasa hivi na nyingine inakupa ruhusa ya kuondoka. Mchezo wa Go kwa sehemu kubwa ni kujua lini una ruhusa ya kuondoka.

Au kete zilizolala kwenye mstari wa pili kutoka ukingoni, zimezibwa pande zote mbili, mbali na kona. Sita hufa, nane huishi, saba ni zamu. Usikariri tu. Panga ubao wako wa mwalimu, upande wa 13, tafuta kwa macho kwa nini saba inakuwa zamu. Mpinzani anapenya chini upande mmoja, unaziba, anapenya upande wa pili, unaziba, hesabu zilizobaki katikati. Tatu. Na zamu ni ya nani? Ukiliona hilo wewe mwenyewe halitoki tena.

Idadi: mafumbo manane kwa siku yanakutosha, na yawe mepesi, yale unayoweza kuyasoma mpaka mwisho ndani ya dakika moja au mbili. Ya 1713 yaache. Yaliandaliwa kwa wanafunzi wa ukoo wa Inoue, moja ya nyumba za Go za Japani ya zamani, waliokuwa tayari ni mabingwa. Rudia hayo hayo manane wiki inayofuata. Ukikosa moja usiendelee. Lichore kwenye daftari kwa mkono, na chini yake andika hatua ya mpinzani ambayo hukuiona. Hiyo hatua ndiyo somo lako.

Na kila mchezo uliopoteza kundi, rudi nyuma hadi hatua moja kabla halijachelewa. Lichore pia. Mafumbo ya michezo yako mwenyewe yanauma, kwa hiyo yanakaa kichwani.

Baraza la Jioni

Wanangu, mimi niko Unguja, Go naijua kwa mbali tu, mjukuu wangu ndiye hunionyesha. Lakini hilo la mikono juu ya magoti nimelipenda, kwani hata kwenye bao la kiswahili ni hivyo hivyo. Kete 64, mashimo 32, na kete zikishaanza kusambazwa zinazunguka, zinakula, zinazunguka tena. Barazani kwetu, mwenye kuujua mchezo hutazama shimo, hunyamaza, kisha hukwambia mzunguko wake utalala wapi kabla hajanyanyua hata kete moja. Anayechota kwanza halafu akatazama kinachotokea, huyo hata watoto humfunga. Nilikaa miaka kumi nikitazama watu wakicheza kabla sijaanza kuona mzunguko wa pili.

Jicho Moja

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana, maneno yako nimeyaandika.

Pumzi Nne, kaka, sijui niseme nini. Nimesoma jibu lako mara tatu. Nimejaribu fumbo moja sasa hivi kwa kuficha maandishi, nikasema "zamu", kumbe lilikuwa hai. Moja tu, na nimekosa.

Kona ya Chini

Nakubali mengi, lakini si yote. Kasi nayo ina faida yake. Mchezo wa dakika 10 huwezi kuweka mikono magotini kila hatua, lazima umbo likurukie lenyewe. Na pia kuna KataGo, programu ya kompyuta inayocheza Go, ni ya bure, inakuonyesha papo hapo ulipokosea. Kwa nini achore kwa mkono?

Pumzi Nne

Kuhusu kasi uko sahihi, mkuu, na nilipaswa kusema. Umbo ulilokwisha kulisoma kwa macho yako mara nyingi, lipitie haraka, ni sawa kabisa, lazima liwe kama kusoma neno. Ninachokataa ni kuanza na kasi kwenye umbo ambalo hujawahi kulisoma.

KataGo mimi naitumia, ila baada ya kuandika jibu langu kwa kalamu. Ukiitazama kwanza, itakuonyesha hatua na utaona ni dhahiri, na kesho yake hutaipata. Nimeyaona haya kwangu na kwa vijana wawili ninaowafundisha hapa Dar.

Jicho Moja

Wakuu, narudi baada ya wiki sita kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha.

Mafumbo manane kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kwenye ubao wa mwalimu, si kwenye simu. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Fumbo ambalo zamani ningelipita kwa sekunde tano lilinikalia dakika sita, na bado nilikuta mpinzani ana njia ambayo sikuiwaza, mara nyingi ni ile ya kujitoa kete moja niile ili jicho langu ligeuke la uongo, lisilohesabika. Hiyo imenitokea mara kumi na moja, nimezihesabu. Daftari lina kurasa 31.

Nimepanda mpaka kyu 13. Ni daraja moja tu, lakini si hilo lililonifurahisha. Jumamosi mpinzani aliweka kete kubwa juu kushoto, ya kama pointi 15, na mkono wangu ukataka kumfuata. Nikasimama. Nikapita ubao mzima nikijiuliza kundi gani langu ni zamu. Upande wa kulia nilikuwa na kete saba mstari wa pili, zimezibwa kote. Saba! Nikahesabu: kundi lile likifa, pamoja na nafasi za chini yake, ni zaidi ya pointi 20. Nikarudi nikaliokoa. Mchezo nilishindwa kwa pointi 3.5, lakini sikupoteza kundi hata moja, na sikumbuki mara ya mwisho hilo lilitokea lini.

Nina ukurasa wa 32 ambao sina uhakika nao. Umetoka kwenye mchezo huo huo, kona ya chini kushoto, kundi ni la mpinzani. Mimi nasema ni ko. Ila sijui ni nani anayekula kwanza, na nikibadilisha mpangilio wa hatua mbili za mwanzo, kwangu linakuwa hai kabisa. KataGo bado sijaifungua.

Pumzi Nne

Hongera sana kaka, kwa kurasa 31 kuliko hata kwa daraja.

Usiifungue kwanza. Tuma picha ya ukurasa, na andika hatua tano za kila mpangilio, zako na zake, hasa pale unapodhani anaishi. Nitakaa nao jioni nikitoka kazini.