Mafundi wa kugeuza magari kuwa ya umeme, volti 12 mnaifanyia mzaha mpaka afe mtu?

Wakuu, mnivumilie, leo nimechafukwa.

Nina RAV4 ya zamani, ile ya milango mitatu. Injini ilipokufa, fundi mmoja hapa Dar (simtaji, bado tunadaiana) akanishawishi tuigeuze iwe ya umeme kwa mota na betri ya Nissan Leaf (gari la umeme la kiwandani) iliyopata ajali. Mota haina shida. Betri kubwa nayo haina shida, ukikanyaga gari linaondoka kweli kweli. Kinachonitoa roho ni vile vidude vingine vyote ambavyo injini ilikuwa inavihudumia kimya kimya.

Anzeni na breki. Busta ya breki, ile inayouongezea mguu wako nguvu, kwenye gari la petroli inategemea injini kufyonza hewa. Mota haifyonzi kitu, kwa hiyo lazima ufunge pampu ya umeme ya kazi hiyo, na tangi dogo la akiba, na swichi ya kuizima ikishafyonza ya kutosha. Jamaa kafunga pampu peke yake! Kaibana kwa zipu za plastiki, kaiunga moja kwa moja kwenye swichi ya gari, inanguruma kutoka Mbezi mpaka mjini bila kupumzika. Lazima iungue, na iliungua, mteremko wa Kimara, asubuhi, basi la mwendokasi ubavuni. Busta huwa na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu hivi, baada ya hapo pedeli inakuwa jiwe. Na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuchaji mpaka ikajaa, mota nayo haikuweza kusaidia kupunguza mwendo, maana mota ikipunguza mwendo inazalisha umeme, na betri iliyojaa haina pa kuuweka. Nilisimama kwa miguu miwili na handbreki. Kwenye dashibodi hakuna hata kataa kamoja ka kunionya.

Nampigia, ananijibu: "Bosi, hizo breki za umeme ni za kuzoea." Za kuzoea!

Haya, tuje kwenye umeme mdogo. Altaneta imetolewa, kwa hiyo betri ya volti 12 inachajiwa na konvata inayoshusha umeme wa betri kubwa. Leaf ilikuja na konvata yake ya kiwandani. Iko wapi? Sijui, ila yangu imefungwa kidude cha wati 300. Gawanyeni wenyewe kwa volti 14: ni kama ampia 21. Taa kubwa mbili peke yake ni wati 110, weka waipa, blowa, hiyo pampu isiyolala, halafu pampu ya umeme ya usukani ambayo ukikata kona gari limesimama inameza makumi ya ampia kwa mkupuo. Betri ndogo inafidia, inafidia, mwisho inaisha.

Na ikiisha hiyo ndogo, kubwa haikusaidii kitu, kwa sababu zile kontakta (swichi kubwa zinazopeleka umeme wake kwenye mota) zinashikiliwa na volti 12. Zikiachia, gari limekufa. Nimezimikiwa Ubungo usiku, mvua inanyesha, betri kubwa inasoma asilimia 70 na ushee, na hazadi haziwaki! Konda wa daladala ananitukana kana kwamba nimepaki.

Nimerudia kuisoma ile karatasi ya makadirio. Mota ina bei yake, betri bei yake, chaja bei yake. Breki, usukani, konvata, nyaya na fyuzi zote zimekaa mstari mmoja wa mwisho: "vinginevyo". Uhai wangu uko kwenye vinginevyo.

Sasa anataka nimalizie hela iliyobaki ndipo "aangalie". Simpi hata mia mpaka afunge konvata ya maana, tangi na swichi ya busta, na taa ya kuonya. Mwenye kumjua fundi Dar anayejua hesabu za ampia anitumie namba inbox. Na wewe unayetaka kuandika "ungenunua IST tu mkuu", pita kimya kimya.