Tupeane uzoefu: mliotoka Mbeya, Iringa na Njombe mkaingia kwenye kazi ya filamu, mlianzia wapi?

Mjomba wa Uyole (mwanzisha mada)

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni.

Nina mpwa wangu wa miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Mbeya. Naishi naye tangu dada yangu alipohamia Tunduma kibiashara. Mwaka wa pili sasa wimbo wake ni mmoja, anataka kutengeneza filamu. Kuigiza hataki, anataka kutengeneza. Nikajua ni upepo wa ujana, utapita.

Wiki mbili zilizopita niliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ile mnayoijua, nikamkuta jikoni kaegemeza simu kwenye sufuria anarekodi mvuke wa birika. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mjomba, jua la dirishani linapiga nyuma ya birika dakika kumi tu. Likishapanda, mvuke hauonekani tena." Nilisimama pale mpaka maji yakachemka.

Mimi ni fundi magari. Namjua kijana anayeshika spana kwa kuichezea na namjua anayeishika kwa kutaka kujua. Huyu anataka kujua, na mimi sina cha kumfundisha. Kila ninayemuuliza ananiambia mpeleke Dar. Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na huyu bado mtoto wa shule.

Kwa hiyo naomba mlioingia kwenye kazi hii mkitokea huku kwetu mtusimulie. Nani alikushika mkono? Uliharibu wapi? Simulieni yaliyowapata wenyewe, maana ushauri wa jumla nimeshapewa mwingi.

Mpiga video wa Mwanjelwa

Mkuu, umefanya jambo kubwa kusimama pale jikoni. Mimi baba yangu aliiuza kamera yangu ya kwanza nikiwa shuleni.

Nilimaliza kidato cha nne 2011. Matokeo hayakuwa mazuri, nikaenda kuomba kazi kwa jamaa mmoja aliyekuwa na chumba cha kurekodi harusi karibu na soko la Mwanjelwa. Miezi saba sikugusa kamera. Nilishika taa, nilibeba stendi, nilikunja nyaya. Kukunja waya ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza niliyofundishwa kweli: mzunguko mmoja unaupitisha juu, unaofuata unaupindua chini ya kiganja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiukunja kwa kuuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi unajisokota kwa ndani na siku moja unakatika katikati ya shughuli.

Jumamosi moja bosi akaugua, akanipa kamera. Ilikuwa sendofu, ukumbi una taa za tyubu dari nzima. Nilirekodi kwa muda wa saa tano. Usiku tunafungua kwenye kompyuta, mistari myeusi inapanda juu ya uso wa bibi harusi mwanzo hadi mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa binti alilia pale dukani, na bosi akarudisha nusu ya pesa.

Kosa lilikuwa hili, mwambie kijana alijue mapema. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa kama zile zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera yetu ilikuwa imenunuliwa na mpangilio wa Marekani, ambako umeme ni hezi 60, na shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kwa kila picha, nimeiacha kwenye 1/60 ya sekunde. Ilitakiwa 1/50, na fremu 25 kwa sekunde. Kitufe kimoja tu. Hata kwenye simu, programu ya kamera inayokuruhusu kupanga shata kwa mkono inatosha kuliondoa tatizo hilo. Tangu siku hiyo siingii ukumbini bila kurekodi sekunde kumi za majaribio na kuziangalia kwanza.

Watu wanadharau harusi. Mimi harusi zimenilea. Keki inakatwa mara moja, pete inavishwa mara moja, hakuna wa kumwambia arudie. Unajifunza kusikiliza MC anataka kusema nini ili ufike pale kabla ya tukio.

Filamu zilinifuata zenyewe. Kikundi kutoka Dar kilikuja kurekodi Tukuyu, wakahitaji kijana mwenyeji wa kubeba taa, anayejua jenereta inakodishwa wapi na nani aombwe ruhusa kijijini. Walinilipa elfu ishirini kwa siku. Siku ya pili msimamizi wa taa akaniona nakunja waya, akaniuliza nani kanifundisha. Mwaka uliofuata walinipigia wenyewe. Leo nasimamia taa, na nakaa hapa hapa Mbeya.

Mama wa Mafinga

Mimi ni mzazi tu. Binti yangu alitaka simu ya bei kubwa ili picha zake ziwe nzuri. Nikauliza watu, wakaniambia simu aliyonayo inatosha, mnunulie maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Nikanunua. Mabadiliko niliyoyasikia yalinishangaza, maana zamani tulikuwa tunaona midomo inacheza huku upepo ndio unaongea. Tulikubaliana kompyuta itakuja akishamaliza mtihani. Alimaliza, nikauza mbao, nikainunua.

Sauti ya Tukuyu

Mama wa Mafinga kaniwahi, ila niongezee kwa sababu sauti ndiyo kazi yangu.

Mimi ni wa Rungwe, na kwetu mvua si mgeni. Filamu yetu ya kwanza tulirekodi ndani ya nyumba ya bati mwezi wa tatu. Mazungumzo mazuri, waigizaji wamelia machozi ya kweli, tukapumzika kula. Kuja kusikiliza: kila sentensi ina mvua yake. Neno moja ni manyunyu, linalofuata ni mvua ya mawe. Ukiunganisha vipande, mvua inaruka kama redio mbovu. Tulitupa siku mbili za kazi.

Siku hizi nafika mapema kuliko wote. Nafumba macho nasikiliza: bodaboda zinapita wapi, jogoo wa nani, friji ipo? Migomba ikiwa karibu, majani yake upepo ukipiga yanachanika kwa sauti inayofanana kabisa na mtu anayekunja karatasi. Na kila eneo, kabla hatujaondoka, nawaomba watu wote wanyamaze nusu dakika, narekodi ule ukimya. Kila chumba kina ukimya wake. Mhariri anautandaza chini ya mazungumzo, viungo havisikiki.

Mjomba, wengi wanataka kuwa waongozaji. Wanaopenda sauti ni wachache mno, na simu yangu haikai kimya.

Mtoto wa Gangilonga

Niko Iringa, nina miaka 22, nadhani ndiye niliye karibu na umri wa kijana wako.

Nikiwa kidato cha nne niliandika hadithi ya majambazi na magari yanayolipuka. Sikuwa na gari, sikuwa na bunduki, sikuwa na chochote. Miaka miwili nikaibeba kwenye daftari. Likizo moja nikaenda kwa babu yangu upande wa Kalenga, penye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Babu akawa ananisimulia vita vya Lugalo vya 1891 jinsi alivyosimuliwa na babu yake, kwa Kihehe. Nikaweka simu juu ya kinu, nikamwacha aongee.

Nilivyokuja kuangalia, niliona kitu ambacho sikukipanga. Alipofika kwenye kifo cha Mkwawa, 1898, hakutamka neno. Alishika tu mkongojo kwa mikono miwili na vidole vikawa vinakaza na kulegea. Nikarudi kesho yake kurekodi ile mikono kwa karibu, na njia ya kwenda kisimani, na moshi wa jioni. Nikatafsiri maneno yake, nikayaandika chini ya picha. Dakika saba. Ndiyo filamu yangu ya kwanza iliyoisha.

Babu amefariki mwaka jana. Msibani watu waliomba waione, tukaionyesha ukutani kwa projekta ya kanisa. Shangazi zangu walimsikia akiongea tena.

Zile dakika saba ndizo zilizonipatia kazi ya kuhariri video kwenye shirika moja hapa mjini. Hawakuuliza cheti, waliuliza, "Umewahi kumaliza nini?"

Mwana Makambako, niko Dar

Mimi niseme tofauti kidogo. Nimesoma yote, ni kweli, lakini Dar ina kazi nyingi kwa wiki kuliko huku kwa miezi. Nilishuka nikiwa na miaka 19, nikalala sebuleni kwa kaka miezi mitano. Sijutii. Ila nilishuka na kazi tatu fupi kwenye flashi, na kuna wenzangu walioshuka mikono mitupu wakaishia kubeba viti mpaka leo.

Dada wa Njombe

Niongelee shule na karatasi, kwa sababu mimi ndiko nilikoumia.

Kwanza amalize kidato cha nne vizuri, maana milango mingi inaanzia hapo. Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na ndiko nilikopita mimi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana shahada ya filamu na televisheni, ila huko kidato cha sita au stashahada. Bagamoyo nilichopata zaidi ni watu. Niliokaa nao bwenini ndio ninaofanya nao kazi mpaka leo.

Sasa niliumia wapi? Niliandika hadithi nzima, kurasa sitini, nikampa mtayarishaji mmoja aisome. Hakunipigia. Mwaka mmoja baadaye nikaiona kwenye runinga, kijiji kile kile, mama mkwe yule yule, hata jina la mbwa. Nilienda kulalamika sina ushahidi wowote, nilimpa daftari mkononi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu unapoandika, hata kama hujasajili, lakini lazima uonyeshe kwamba ni wewe uliyeandika. Siku hizi natuma kwa barua pepe, tarehe inabaki, na kazi kubwa nazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Na filamu ya kwenda kwa umma inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kurekodi. Msianze kwa kuogopa, muoneni afisa utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza. Wa kwangu alisoma andiko langu mpaka mwisho na kunisahihisha Kibena. Droni ni habari nyingine, ina vibali vyake vya mamlaka ya anga, kijana asirushwe na tamaa ya kuupiga mlima Loleza kutoka juu.

Mjomba wa Uyole (mwanzisha mada)

Nimesoma kila neno, na nimemsomea mwenyewe. Nilipofika kwa Mtoto wa Gangilonga alitoka nje, nikamwacha.

Jana amekuja na kurasa tatu. Kumbe ana hadithi ya bibi anayeuza viazi hapa sokoni Uyole, anayehesabu debe kwa kuimba ili asipoteze hesabu. Hakuna majambazi. Tumemfuata bibi, tumemwomba, amekubali kwa sharti kwamba kwanza tumsaidie kushusha gunia mbili.

Mpiga video wa Mwanjelwa, nimekutumia ujumbe faraghani. Likizo ya mwezi wa sita, kama hutojali, aje ashike taa hata bila malipo, nauli na chakula nitatoa mimi. Sauti ya Tukuyu, ana swali kwako: pale sokoni spika za wauza dawa za panya hazinyamazi tangu asubuhi mpaka jioni, sasa ule ukimya wa nusu dakika ataupata saa ngapi?

Sauti ya Tukuyu

Mwambie afike saa kumi na moja na nusu alfajiri, malori ya viazi yakiwa yamezima injini na spika hazijafunguliwa. Na akimaliza asiondoke. Arekodi na hizo spika, peke yake, dakika mbili nzima. Atazihitaji.