Tupeane uzoefu: Mikindani hadi Songo Mnara kwa tanga

Baharia wa Shangani: Wakuu, vyombo vitatu vinatoka Mikindani Agosti kwenda Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, visiwa vya magofu. Kusi na mkondo vyote vinasukuma kaskazini, kwa hiyo kwenda ni mteremko. Wanaoijua njia waseme: kuingia, kutia nanga, kutembea kisiwani.

Tanga Bovu: Na kurudi? Maili 80 za bahari kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo! Acheni vyombo huko mpaka kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ije, nyie rudini na basi 😂

Mpwani: Usiwatishe watu. Wang'oe nanga usiku na umande (upepo utokao nchi kavu), wafuate pwani, kusi ikikaza asubuhi wajifiche kwenye ghuba ya karibu. Ni polepole, ila watafika.

Kuingia, angalieni mwezi. Siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa na kupwa sana) maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, miamba yote mnaiona. Ingieni kuanzia saa sita: maji yanajaa, jua liko juu, mkikwama mtanyanyuliwa. Mtu mmoja akae omo (mbele ya chombo): kahawia ni mwamba, kijani kilichopauka ni mchanga wa kina kifupi. Jua likiwa usoni rangi hazionekani, msijaribu.

Mzee wa Foromali: Mnaongea nanga na mwezi, kumbe pa kufia ni pa kugeuza chombo. Tanga letu halipiti upepo kwa omo, unapitisha tezi (nyuma ya chombo). Nahodha analegeza, chombo kinakimbia na upepo, demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) inafunguliwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) inasimamishwa wima na kuhamia upande wa pili. Sasa demani imponyoke mtu hapo: tanga lote linapepea mbele, kamba inachapa kama mjeledi, hakuna wa kuisogelea. Mshika msukani akababaika akaacha omo irudi upeponi, tanga linabanwa kwenye mlingoti. Foromali haishuki tena, chombo kinalala. Henza (kamba ya kupandishia na kushushia foromali) ndiyo ya kuwahi kabla tanga halijabanwa. Isikunjwe chini ya mizigo wala mtu asiikalie.

Chanikiwiti: Kweli tupu. Henza chini ya gunia la mchele, kila siku.

Kasa Mla Nyasi: Turudi kwenye nanga. Ya kucha nne inatosha.

Mpwani: Kwenye mwamba inanasa, kwenye mchanga inakokota. Tafuta mchanga, tia ya jembe na mnyororo.

Kasa Mla Nyasi: Mnyororo bei gani? Funga kamba ya pili kitakoni mwa nanga, weka boya, ikinasa unaivuta kinyumenyume. Watu wanavua hivyo miaka yote.

Mpwani: Na matumbawe wanavunja miaka yote. Haya, urefu basi: maji mita 3 yamepwa, yatapanda mita 3 na nusu. Piga hesabu ya 6 na nusu mara tano, kama mita 33 za amari (kamba ya nanga). Wengi hupigia ile 3, usiku wanaamkia mikokoni.

Chanikiwiti: Kibali cha magofu kateni Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Songo Mnara mnashuka majini, viatu vya kufunga, si ndala. Tope la mikoko linazimeza. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku.

Tanga Bovu: Lita 5. Kuna wanaooga.

Baharia wa Shangani: Mzee wa Foromali, chombo cha watu wanne, henza anashika nani?

Mzee wa Foromali: Asiyepiga soga.