Tupeane uzoefu: Ukiwa Ngazija, ulichaguaje ufukwe wa kwenda kuogelea?

BintiShangani

Wakuu, habari za siku. Naomba tukusanye hapa visa vya waliowahi kwenda Ngazija, Komoro, wakaingia baharini kule. Sisi wa Unguja tumelelewa na mchanga mweupe usioisha, tunadhani kisiwa chochote ni hivyo hivyo. Ngazija sivyo. Naanza na yangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, kwa hiyo tulialikwa harusi kubwa ya ukoo, ile ya ada, mwezi wa nane. Kutoka Dar ni ndege ya kama saa moja na nusu. Ukitoka tu uwanja wa ndege wa Hahaya unapita katikati ya mawe meusi yenye kukwaruza, lava iliyoganda, kushoto mlimani na kulia mpaka baharini. Kisiwa chote ni mlima. Karthala wenyewe una mita 2,361 na bado uko hai. Hakuna hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, maji ya mvua yanazama kwenye mawe. Mchanga unaupata hapa kidogo, pale kidogo, na katikati ni mwamba unaopigwa na mawimbi.

Kosa langu lilikuwa kuchagua kwa picha. Niliona picha ya Mitsamiouli, kaskazini kabisa, maji ya kijani kibichi, nikakodi teksi peke yangu. Nimefika saa nne na nusu asubuhi, bahari haipo! Imekwenda mbali kule, iliyobaki ni miamba na matumbawe yenye majani ya bahari. Nikasema nitaifuata kwa miguu, na ndala zangu. Hatua ya ishirini hivi ndala ikateleza, unyayo ukapita kwenye jiwe. Lile jiwe lina vitundu vitundu kama sponji, na kila kitundu kina ukingo wa wembe.

Alikuwapo bibi mmoja anatafuta pweza kwa kijiti cha chuma. Akanikalisha, akachana pindo la leso yake kuukuu, akanifunga. Yeye Kingazija cha polepole, mimi Kiswahili, tukaelewana vizuri kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, jana usiku hukuutazama mwezi?" Ulikuwa mpevu. Bamvua. Akanionyesha shina la mnazi, kwamba saa kumi maji yatafika pale, nisubiri. Nikasubiri. Saa tisa na nusu pale nilipojikata palikuwa na kina cha kuzamisha mtu mzima, maji yametulia, rangi ndiyo ile ya kwenye picha.

Tangu siku hiyo naanza na mwezi, halafu ndiyo nachagua pwani. Karibuni.

Nahodha_Mstaafu

Binti, bibi huyo kakupa elimu ya bure. Nifafanue kwa wasio wa pwani. Mwezi mpya na mwezi mpevu ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Upande wetu huu wa bahari, Komoro ikiwemo, siku hizo maji hukupwa saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayaendi mbali, hayaji juu sana, na saa zinageuka, yanajaa asubuhi na kukupwa jioni. Kwa hiyo mtu mwenye siku tatu tu Ngazija, kama ni za bamvua, aende na alasiri. Kama ni maji mafu, asubuhi yote ni yake.

La pili ni upepo. Kusi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, unapiga kutoka kusini mashariki. Karthala unasimama kama ukuta, upande wa magharibi unapata kivuli cha upepo. Kipindi hicho mimi naelekea Itsandra na huko juu Mitsamiouli na Maloudja. Kaskazi ukiingia, mambo yanageuka: magharibi mvua na mawimbi, mashariki kwa Chomoni kunatulia. Nimepeleka mizigo Moroni miaka mingi kutoka Dar, na sikumbuki siku sheria hii iliponiangusha, isipokuwa pakiwa na kimbunga. Na kimbunga si hadithi. Mwezi wa nne 2019 Kenneth alipita kaskazini mwa kisiwa hicho.

MamaWawili_TZ

Mimi niliishi Moroni mwaka na nusu kwa kazi ya mume wangu, watoto wakiwa na miaka minne na saba. Kwa wenye watoto nawaambia Chomoni, upande wa mashariki. Ni ghuba ndogo, mawe meusi yametokeza huku na huku, na mchanga mweupe umeingia katikati yake. Maji yanapokuwa chini yanabaki madimbwi kati ya mawe, safi mpaka unahesabu samaki. Mwanangu mdogo wa miaka minne alijifunzia kuelea kwenye dimbwi moja kubwa kama sebule.

Lakini nisikilizeni kuhusu mchanga mweusi wa fukwe nyingine. Ni lava iliyosagika, na rangi nyeusi inameza jua. Siku ya kwanza kwenye ufukwe wa namna hiyo tulifika saa sita. Mwanangu mkubwa akavua viatu, akakimbia kuelekea maji, na katikati ya njia akasimama, miguu inapanda na kushuka, hawezi kurudi wala kwenda. Ile sauti aliyolia sijaisahau. Nikamkimbilia, nikambeba, nyayo zake nyekundu. Hakuungua kwa malengelenge, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo kila mtu alikuwa na viatu vya plastiki vya kufunga, vile vya wavuvi. Si ndala, ndala zinabaki mchangani. Viatu hivyo vinakinga na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye nyufa za mawe. Msimwache mtoto aweke mkono kwenye ufa asioona ndani yake.

Na bebeni maji ya kunywa na ya kusuuza. Kule maji baridi ni ya birika la mvua, mtu kayavuna paani kwake. Usiombe ndoo ya kuoga kama vile unaomba maji ya bomba.

Kijana_Tandika

Samahani dada, na mavazi je? Mchumba wangu anataka kujua kama anaweza kuogelea na nguo za kuogelea za kawaida.

MamaWawili_TZ

Kaka, pale ni nchi ya Waislamu na fukwe nyingi ni mlango wa kijiji. Hotelini watu wanavaa wanavyotaka. Nje ya hoteli mimi nilioga na suruali ya kubana na fulana ndefu, na kanga ya kujifunga nikitoka. La muhimu zaidi, msikatize bangwe mkiwa mmelowana. Bangwe ni uwanja wa kijiji ambapo wazee wanakaa, wanaongea, wanacheza bao. Mkipita na nguo za heshima mkasalimia, mtaonyeshwa mahali pazuri pa kuingilia majini ambapo hakuna mgeni anayepajua.

Mzigo_Kariakoo

Itsandra kwa sisi wa biashara. Iko kilomita chache tu kaskazini mwa Moroni, unamaliza shughuli zako sokoni alasiri unapanda teksi ya kuchangia, faranga chache, umefika. Mchanga mweupe, ufukwe mdogo, ngalawa zimepangwa. Jioni vijana wanacheza mpira maji yakipwa. Jumapili panajaa.

Sikwenda kwingine kwa miaka sita, na sijutii.

Mngazija_wa_Marseille

Kwenu nyote, salamu. Nimesoma Zanzibar, nimezaliwa Ngazija, naishi Ufaransa. Nimefurahi kuona ndugu wanazungumzia kwetu bila kusoma kwenye karatasi ya watalii. Niruhusuni niandike kidogo kwa urefu.

Nyinyi mnauliza ufukwe upi. Mimi naanza na kwa nini ziko chache. Kisiwa chetu bado ni kijana kwa hesabu ya milima ya moto. Mayotte, kisiwa jirani, ni mzee, umezungukwa na ukuta wa matumbawe na bahari ya ndani iliyotulia. Kwetu matumbawe yameota kwa vipande, palipo na kipande ndipo penye mchanga mweupe, kwa sababu mchanga huo ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Pasipo matumbawe ni lava uso kwa uso na bahari. Na lava bado inashuka. Mwaka 1977 ilitoka ubavuni mwa mlima ikafunika sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Mwaka 2005 majivu yalianguka mpaka mabirika ya maji yakachafuka. Kwa hiyo kila kiganja cha mchanga mweupe Ngazija ni kazi ya miaka mingi mno.

Nikiwa mdogo kijijini kwetu tulikuwa na ufukwe. Sitautaja. Ulikuwa na upana wa kama mitumbwi minne ikilazwa ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo baba alinifundisha kuogelea, akiniwekea kiganja chini ya tumbo. Kisha watu wakaanza kujenga kwa saruji. Saruji inataka mchanga, na mchanga wa kununua ni ghali, wa baharini ni wa bure. Wakaja na ndoo, halafu mikokoteni, halafu malori usiku. Na nisiwe mnafiki: nyumba ya mama yangu, niliyomjengea kwa pesa za Marseille, sikuuliza mchanga wake ulitoka wapi. Niliporudi baada ya miaka tisa, pale pa kiganja cha baba palikuwa mawe meusi matupu, na bahari imeanza kula mizizi ya minazi ya nyuma. Nilimkuta jirani mvuvi anavuta mtumbwi juu ya magogo aliyoyafunga kwa matairi ya zamani, maana hakuna tena mahali laini pa kuulaza.

Ushauri wangu kwa mgeni, basi, ni huu: ukifika kijijini muulize mvuvi mahali anapolaza mtumbwi wake. Hapo ndipo mchanga ulipobaki na ndipo mlango wa kupita kwenye mwamba ulipo, yeye anaujua kwa kuuishi. Asipokuonyesha, usiingie. Na msichukue mchanga hata kwenye chupa ya ukumbusho.

BintiShangani

Kaka, umeniliza. Baba yangu naye ndivyo alivyonifundisha, kiganja chini ya tumbo, pale Mizingani.

Mwalimu_Likoni

Kutoka Mombasa nawasalimu. Mimi nilikwenda likizo kwa ajili ya kasa, na kasa wako kisiwa jirani cha Mwali, kijiji cha Itsamia, si Ngazija. Lakini boti za kwenda Mwali zinaondoka Chindini, kusini kabisa mwa Ngazija, na Chindini penyewe pana ufukwe mweupe ambao watu wengi wanaukanyaga kwa haraka wakikimbilia boti. Nilichelewa boti ya asubuhi, nikalala kwa familia moja, nikaupata. Asubuhi ya mapema, kabla ya kusi kuamka, maji yalikuwa kama sahani. Kufikia saa tano mkondo ulikuwa unaonekana kwa macho, mistari ya povu inayokwenda pembeni, na wenyeji wote walishatoka majini. Nami nikatoka.

Kwenye boti hakikisheni jaketi la kuokolea liko mwilini mwenu, si chini ya magunia. Letu lilikuwa chini ya magunia ya mchele. Nilisimama na kukataa kupanda mpaka yakatolewa yote, na wamama watatu wakanishukuru.

Njiani wengine wananiuliza kuhusu Lac Salé na Shimo la Mtume kule kaskazini. Nendeni mkatazame. Lac Salé ni kreta, yaani shimo la mlima wa moto, iliyojaa maji ya chumvi, kingo zake wima, ukitazama kutoka juu utanyamaza. Kuogelea nilikwenda kwingine.

Kijana_Tandika

Na ile ajali ya ndege ya Ethiopia ya 1996, si ilikuwa upande huo wa kaskazini?

Nahodha_Mstaafu

Ndiyo. Ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka majini karibu na ufukwe wa Galawa, mbele ya hoteli iliyokuwapo wakati ule, tarehe 23 Novemba 1996. Walikufa watu 125. Wenyeji na wageni wa hoteli waliingia na mitumbwi na boti kuokoa waliobaki. Ukienda kuogelea Maloudja, uko jirani na mahali hapo. Mimi hupita nikisoma Fatiha.

BintiShangani

Ahsanteni sana. Narudi mwezi wa nane mwakani, safari hii na mama, ana miaka 71 na magoti mabaya. Nimekaa na kalenda. Harusi iko siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo wiki hiyo hatuendi popote asubuhi, tutakwenda Itsandra alasiri, hakuna mawe ya kupanda. Wiki inayofuata ni maji mafu, nitampeleka Mitsamiouli saa tatu asubuhi, na leso mpya kwa bibi yule wa pweza, nikimkuta.

Swali moja limebaki kwa aliyewahi kufika ufukwe wa Bouni: kutoka barabarani mpaka mchangani ni hatua ngapi, na kuna kivuli?