Bwawa limekuwa kijani na klorini naweka kila jioni, nifanyeje?

Mama Neema, Njiro
Habari zenu. Tuna bwawa nyumbani, la lita kama 40,000, tunalijaza kwa maji ya kisima chetu. Wiki hii maji yamegeuka kijani, kuta zinateleza, na kwenye ngazi kuna ukoko mweupe. Klorini ya unga naweka kila jioni. Kijana wa kazi anasema tumwage tujaze upya. Maji yote hayo, na kiangazi hiki! Hakuna njia nyingine?

Fundi Mabwawa, Moshi
Pole mama. Usimwage. Ukijaza maji ya kisima kile kile, mwani (huo ukijani na utelezi) utarudi tu. Maji mengi ya ardhini hapo chini ya Mlima Meru yana magadi kwa asili yake, pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inapanda, na klorini inakosa nguvu. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini ndiyo inayoua mwani. Ikifika 8.5 inabaki kama moja ya kumi. Hata ukoko huo, mara nyingi ni chokaa inayoganda kwa sababu hiyo hiyo.

Pima kwanza. Ikizidi 7.6, teremsha kwa asidi ya haidrokloriki, kidogo kidogo, pampu ikizunguka, mpaka 7.2 au 7.4. Vaa glavu na miwani, upepo uwe mgongoni. Nakusihi mama, asidi na klorini visikutane kabisa, hata stoo viweke mbalimbali. Gesi yake inaua.

Kesho yake sugua kuta kwa brashi, hasa pembe za ngazi, mwani hupenda kujificha huko. Jua likizama (mchana linaila klorini) weka gramu 600 za klorini ya unga ya asilimia 65. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo utie unga. Pampu ilale inazunguka.

Baba Junior, Usa River
Fundi, na floraidi ya visima vyetu? Watoto wakiogelea wanameza.

Fundi Mabwawa, Moshi
Kaka, floraidi inaharibu meno na mifupa kwa maji ya kunywa ya kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Funda moja bwawani si sawa na jagi la mezani. La mezani ndilo la kuhangaikia.

Mama Neema, Njiro
Nimepima, 8.4! Asidi nimeweka, jana usiku klorini. Leo maji yana rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Nimeharibu?

Fundi Mabwawa, Moshi
Hapana mama, huo ni mwani uliokufa, sasa chujio liubebe. Angalia geji ya shinikizo kwenye chujio: ikipanda kama nusu ba juu ya kawaida yake, zima pampu ndipo ugeuze valvu, kisha washa urudishe maji nyuma kuosha chujio, mpaka kioo kidogo cha valvu kionyeshe maji safi. Watoto wasubiri mpaka uione sakafu vizuri na klorini ishuke kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Pima pH kila wiki, kisima chako kitaipandisha tena.