Choo Kimoja, Wageni Arobaini

[Jumapili, saa 2:12 usiku]

Kaka: Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Leo tunalala usiku wa nane katika nyumba mpya, na mifupa imeanza kusahau kubeba maboksi. Kwa hiyo mimi na mke wangu tumeonelea kwamba Jumamosi ijayo tuwaite ndugu, marafiki, wafanyakazi wenzetu na majirani waje kuiona nyumba na kula pamoja nasi. Nimehesabu watu 40. Tutaanza saa 8 mchana na kumaliza saa 1 jioni, na chakula kitapikwa hapa hapa. Naomba baraka zenu na mawazo yenu.

Mama: Marahaba, mwanangu. Baraka unazo tangu siku ulipochimba msingi. Swali langu ni moja tu: nyumba hiyo ina vyoo vingapi vinavyofanya kazi?

Kaka: Vipo viwili, Mama, ila cha chumbani kwetu bado hakijaunganishwa na bomba la majitaka, na fundi ameahidi kurudi mwisho wa mwezi. Kwa sasa kinachotumika ni kimoja. Naona kinatosha, kwa sababu watu hawaji kukaa chooni.

Shangazi: Wanakuja kunywa na kula, mwanangu, na njia ya kutoka hapo unaijua.

Wifi: Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Acha niseme ukweli ambao mume wangu hatausema. Ukivuta maji katika choo hicho, tangi lake linachukua dakika 4 kamili kujaa tena, nimelipima kwa saa. Mgeni wetu wa kwanza, mtu mzima mwenye heshima zake, alijifungia humo muda mrefu hadi nikagonga mlango kumuuliza kama ni mzima, kumbe maskini alikuwa amesimama akingoja tangi lijae ili avute maji mara ya pili.

Mjomba: Marahaba nyote mliosalimia. Nimechukua kalamu na karatasi. Tuseme kila mgeni ataingia chooni mara mbili tu katika hizo saa 5, na hapo nimewahurumia. Watu 40 mara 2 ni safari 80, na kila safari ikingoja dakika 4 ni dakika 320, ilhali shughuli yenu yote ina dakika 300. Maana yake ni kwamba hata wageni wakipanga foleni tangu dakika ya kwanza bila kupoteza hata sekunde, wa mwisho watarudi kwao hawajapata nafasi. Tangi hilo la choo linabeba lita ngapi?

Kaka: Imeandikwa lita 9, Mjomba.

Mjomba: Basi lita 720 zitapita chooni peke yake. Na tangi kubwa la nje?

Kaka: Lita 1,000, likijaa.

Mjomba: Zinabaki lita 280 za kupikia, kunawia mikono na kuoshea vyombo vya watu 40. Sisemi msifanye. Nasema hesabu ndiyo hiyo.

Kitindamimba: Naomba kuuliza kwa adabu kama inawezekana tukodi vile vyoo vya kuhamishika, viwekwe uani.

Mama: Watu wanaitwa kuja kuiona nyumba ya mwanangu, halafu wapelekwe uani kwenye choo cha kukodi? Hapana. Nyumba ikaguliwe kwanza.

[saa 2:40 usiku]

Binamu: Shikamooni. Nimechelewa kusoma, lakini hili la tangi nalijua kwa sababu nashinda na mafundi. Nyumba ikiwa mpya, mabomba yake huwa na mchanga na vipande vidogo vya plastiki vilivyobaki wakati wa ujenzi, na takataka hizo husafiri hadi kwenye kichujio kidogo kilichopo pale maji yanapoingilia kwenye tangi la choo, kikaziba. Wakati mwingine ni koki iliyo ukutani ambayo fundi aliifungua nusu akaisahau. Kaka, kabla ya kumwita mtu, ifungue koki hiyo yote. Isipobadilika, ifunge, mfungue kichujio na kukiosha.

Binamu: Na kuhusu umeme, nakuomba usirudie nililoliona siku mlipohamia, yaani birika la umeme, jiko la umeme na pasi vyote kwenye ekstensheni moja. Birika pekee linaweza kula wati 2,000 hadi 3,000, na ekstensheni nyingi haziruhusiwi kubeba zaidi ya hapo. Kiwango chake kimeandikwa nyuma, kisome. Kama waya wake umezungushwa kwenye kigurudumu, ukunjue wote kabla ya kuutumia, maana ukiubebesha mzigo huku umejikunja hushindwa kupoa na unaweza kuyeyuka.

Kaka: Nimesoma na nimenyenyekea. Hata hivyo sioni namna ya kupunguza watu. Nikimwacha mmoja nje ya orodha, nitasikia habari zake hadi nizeeke.

Shangazi: Usipunguze watu, gawanya saa. Waite 20 waje kuanzia saa 8 hadi saa 10, na 20 wengine waje saa 11 hadi saa 1. Wazee, majirani na wenye watoto wadogo waje mkupuo wa kwanza, kwa sababu hawapendi kurudi na giza. Wafanyakazi wenzenu na marafiki waje mkupuo wa pili. Saa moja ya katikati ni yenu ya kufagia, kuosha vyombo na kuliacha tangi la nje lijae.

Mjomba: Mtu anayekaa saa 2 huingia chooni mara moja. Safari 40, lita 360. Shangazi yenu amezipunguza kwa nusu bila kalamu.

Wifi: Nashukuru sana, Shangazi, lakini nina wasiwasi kwamba nitakuwa napika mchana kutwa.

Shangazi: Utapika sehemu mbili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kinachongojea kuliwa kibaki cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Ungepika chote asubuhi na kukiacha mezani hadi jioni, wa mwisho wangekula ugonjwa. Mimi na dada yako tutakuja kukusaidia mkupuo wa pili ili nawe ukae na wageni wako. Mwenye nyumba anayeonekana mgongo tu jikoni hajamkaribisha mtu.

[saa 3:05 usiku]

Dada: Naomba niongeze mambo madogo niliyojifunza kwa kuumia. Nilipohamia kwangu nilimtembeza kila mgeni nyumba nzima, na reli ya ngazi ilikuwa imepakwa vanishi siku mbili kabla. Kwa macho ilikuwa imekauka. Mgeni mmoja aliegemea akapiga stori, na alipotaka kuondoka mkono wa nguo yake ulibaki na reli, kisha tukasimama wote tunaangalia alama ya kitambaa ambayo ipo pale hadi leo. Kaka, kama kuna kitu hakijapakwa, kisipakwe wiki hii. Kilichopakwa, kiguse mwenyewe kwa kidole mahali pasipoonekana, na madirisha yaachwe wazi mchana ili harufu itoke.

Mama: Na chumba kimoja kiwe na ufunguo. Maboksi yote ambayo hamjayafungua yaingie humo, mlango ufungwe, na mtu akiuliza mwambieni ni stoo. Vyumba vya kulala vionyeshwe kwa anayeomba. Hakuna haja ya kuwapanga watu msafara kama wanaokagua shule.

Dada: Vilevile zawadi. Nililetewa saa za ukutani 4 na mapazia mafupi kuliko madirisha. Naomba anayetaka kuleta kitu amwulize Wifi kwanza, na Wifi ajibu bila haya.

Wifi: Nitajibu bila haya. Saa ya ukutani tunayo. Hatuna viti vya kutosha, kwa hiyo atakayetuazima viti 10 kwa siku hiyo atakuwa ametupa zawadi kubwa, na nitaandika kwa chaki chini ya kila kiti kimetoka kwa nani.

Mjomba: Viti 6 vyangu. Vimewahi kuazimwa vikarudi 5, kwa hiyo chaki hiyo naiunga mkono.

Kaka: Majirani je? Bado sijafahamiana nao vizuri, na nilifikiri niwaachie kadi malangoni.

Mama: Kadi ni karatasi, mwanangu. Nenda wewe na mkeo, mbishe hodi, mjitambulishe, mwaalike, kisha waambieni muziki utazimwa saa 1. Jirani aliyeambiwa saa ya kumaliza huvumilia, hata asipokuja. Waulizeni pia wageni wenu wasiegeshe magari mbele ya lango la nani.

Kaka: Nimekubali yote. Ila Jumamosi hii naona ni mapema. Nasogeza mbele wiki moja ili tangi litengenezwe kwanza, na mialiko nitaituma kesho, kila mtu akiandikiwa saa yake ya kufika na ya kumaliza.

Kitindamimba: Mimi nimepangwa mkupuo upi?

Kaka: Yote miwili. Wewe ndiye utakayeosha vyombo katikati.

[Jumanne, saa 12:48 jioni]

Wifi: Habari za jioni. Koki ilikuwa wazi, kosa lilikuwa kwenye kichujio: tumekifungua na ndani yake kulikuwa na mchanga wa kujaza kijiko cha chai na kipande cha utepe mweupe wa fundi bomba. Sasa tangi linajaa kwa dakika 1 na nusu. Kaka yenu amefurahi kiasi kwamba amevuta maji mara sita mfululizo akihesabu kwa sauti, na nimemwondoa humo kwa sababu anamaliza maji ya tangi la nje.